Uchambuzi: Siku Moja Macau kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nachambua safari ambayo wanafunzi wengi wa kigeni hapa Hong Kong huifanya siku ya mapumziko: kwenda Macau asubuhi na kurudi usiku. Alama natoa sasa hivi ili mwenye haraka asisubiri: 8 kwa 10.

Njia ni mbili. Kuna boti ya kasi kutoka Sheung Wan, kama saa moja baharini, na kuna basi la darajani. Mimi nasema pandeni basi. Daraja hilo, linalounganisha Hong Kong na Macau, lilifunguliwa 2018, na ukijumlisha barabara zake ni kilomita 55. Kuna mahali linazama kabisa, mnapita kwenye handaki chini ya bahari ili meli zipite juu yenu. Nauli ya mchana niliyolipa ni dola 65 za Hong Kong, boti ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kituo cha basi hilo kiko karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo shukeni treni Tung Chung mchukue basi la B6. Pasipoti mkononi, maana mnavuka mpaka. Foleni ya uhamiaji mwishoni mwa wiki ni ndefu mno, na hapo nimekata alama 1.

Hela ya Macau ni pataca, lakini dola za Hong Kong zinapokelewa. Chenji mkipewa kwa pataca, itumieni kabla hamjarudi. Basi la mjini ni pataca 6, na dereva harudishi chenji.

Sasa twende kwenyewe. Wareno walikaa Macau tangu 1557, wakaikabidhi kwa China tarehe 20 Desemba 1999. Uwanja wa Senado una sakafu ya mawe meusi na meupe yaliyopangwa kama mawimbi. Piga picha, endelea. Mbele yako kuna uso wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, ule ukuta mnaouona kwenye picha zote. Kanisa lilianza kujengwa 1602, likateketea kwa moto 1835, ukabaki ukuta wa mbele. Usikimbilie kujipiga selfi. Tazama juu: waliochonga ni mafundi Wachina pamoja na Wakristo wa Japani waliokimbia mateso kwao, ndiyo maana utamwona Bikira Maria juu ya joka, na maandishi ya Kichina pembeni.

Kisha panda kilimani pale pale, Ngome ya Monte. Hapa ndipo safari nzima ilipolipa. Mimi ni mtoto wa Mombasa, na Ngomeni kwetu kunajulikana: Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, hii ya Monte 1617, na zote mbili zilikuwa chini ya mtawala mmoja wa Wareno aliyekaa Goa, India. Wareno wale wale, mizinga ile ile. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi walishuka ufukweni kuiteka Macau. Mzinga uliofyatuliwa kutoka hapa ulilipua baruti yao, na waliotoka kuwakabili walikuwemo Waafrika waliokuwa watumwa wa Wareno. Mkuu wa Waholanzi huko Batavia (Jakarta ya leo), Jan Pieterszoon Coen, mwenyewe aliandika kwamba ni hao watumwa waliowashinda watu wake. Jamani, watu wetu walitolewa pwani ya Afrika, wakavushwa bahari mbili, wakauokoa mji wa watu wengine. Ukifika pale simama, wakumbuke.

Chakula: agiza galinha à africana, kuku wa kuchoma aliyemwagiwa mchuzi mzito wa nazi, karanga, vitunguu saumu na pilipili. Mtu wa pwani akionja atamtambua ndugu yake kuku wa kupaka. Ndugu zangu Waislamu, ulizeni kwanza kuhusu halali. Vile vikeki vya kastadi vilivyoanzishwa na Mwingereza Andrew Stow mwaka 1989 viko Coloane, mbali kidogo, na siku moja haikunitosha kufika. Hiyo ndiyo alama ya pili niliyokata. Kasino mimi siipendekezi. Bajeti yako ni ya vitabu, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuingia.

Nyinyi mlioko Guangzhou, njia yenu ni rahisi zaidi: treni hadi Zhuhai, halafu mnavuka mpaka wa Gongbei kwa miguu. Lakini angalieni viza zenu. Mwenye kibali cha ukaazi anatoka na kurudi kikiwa hai. Mwenye X2, yaani viza ya masomo ya muda mfupi, ya kuingia mara moja asivuke, maana kuingia Macau kunahesabiwa umeshatoka China bara, na hutaruhusiwa kurudi chuoni bila viza mpya.