Furushi la sanda lililokatwa tayari: yafaa kulinunua?

Kwa sisi tunaosaidia kuosha maiti wa kike hapa Mombasa, furushi la sanda lililokatwa tayari, ambalo siku hizi hupatikana katika maduka ya vifaa vya maziko, limetuondolea pilikapilika za kutafuta jora la bafta, kitambaa cheupe cha sanda, usiku na kukata nguo huku wafiwa wanalia. Nalitathmini kwa makini kwa sababu naamini kwa dhati kwamba safari ya marehemu haikomi anapolazwa katika mwanandani, ule upenyo wa ndani ya kaburi: kuna maswali ya malaika Munkari na Nakiri, kuna maisha ya barzakhi, yaani kati ya kufa na kufufuliwa, na kuna siku ya kufufuliwa. Nguo ya safari hiyo hainunuliwi ovyo.

Furushi tulilolitumia hivi karibuni lilikuwa la mwanamke, nalo lilitimiza vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kufunika kichwa na shuka mbili za kuufunika mwili wote. Mlikuwamo pia vitambaa vyembamba vya kufungia, pamba, udi, karafuu maiti (kafuri) na unga wa majani ya mkunazi, ambao ulikuwa mpya na ulitoa povu jepesi ulipovurugwa majini. Bafta yenyewe ni pamba tupu, nzito kiasi cha kutoonyesha mwili hata ikipata unyevu, na fundo lake likikazwa halitelezi. Aliyewahi kuvisha sanda yenye nailoni, ambayo hufunguka kila maiti anapogeuzwa, ataithamini sifa hiyo.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba vipande havikuwekewa alama, na shuka zote tatu zilikunjwa pamoja, hata ikatubidi kuzipima juu ya marehemu. Mtume ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Basi kumgeuzageuza mtu kwa ajili ya vipimo vilivyopaswa kumalizwa dukani ni jambo linaloniuma. Isitoshe, ukubwa ni mmoja tu, na karafuu maiti ilikuwa ya vidonge vigumu vilivyohitaji kusagwa kabla ya kutiwa katika maji ya mwisho.

Dukani lipo pia furushi la bei ya juu, lenye nakshi na manukato ya gharama. Hilo silipendekezi hata kwa familia yenye uwezo. Abu Bakr, khalifa wa kwanza baada ya Mtume, alipokaribia kufa, aliagiza nguo yake iliyokwisha kutumika ifuliwe na kuongezwa mbili ili ziwe sanda yake, kwa kuwa aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya. Fedha inayobaki ni afadhali iingie katika kisima au madrasa, kwani sadaka yenye kuendelea, pamoja na elimu yenye manufaa na dua ya mtoto mwema, ndiyo tunayoamini kwamba humfikia marehemu baada ya amali zake kukatika.

Huduma ya duka haina lawama: mlango hufunguliwa hata usiku wa manane, na asiye na fedha taslimu huandikiwa deni bila kuulizwa maswali mengi. Mnunuzi alifungue furushi papo hapo, ahesabu vipande, aombe vidonge vya karafuu maiti visagwe, na ikiwa marehemu ni mnene, akatiwe bafta ya ziada kabla ya kuondoka.