Duka la gesi hapa Kondele: huduma yao ni poa, lakini hiyo jiko ya mlangoni itolewe

Naandika haya ju majirani wameniuliza sana kama hii duka ya gesi ya Kondele, Kisumu, ni salama, na ju maneno ya mlipuko yamejaa mtaani tangu picha za duka moja lililobomoka zianze kuzunguka tena kwa WhatsApp. Mimi ni mteja wao, nina hoteli ndogo ya chai na chapati, gesi kwangu ni kazi ya kila siku.

Kitu nawapendea ni kukagua. Mtungi wangu ni wa kilo sita, pale shingoni umechapwa uzito wake ukiwa mtupu, 7.2. Kijana akauweka kwa mizani mbele yangu ikasoma 13.2, akaniambia, "Mathe, toa hesabu mwenyewe." Halafu akachukua sponji yenye povu la sabuni akapaka pale kwa valvu, tukangoja kidogo, na viputo vidogo vidogo vikaanza kutokea upande mmoja. Hakubishana hata. Aliubeba mpaka nje mahali pa wazi, akauchora alama na chaki, akaniletea mwingine, akarudia kila kitu kutoka mwanzo, sili, mizani, povu, mpaka ile raba ya ndani akaimulika na simu nione haijapasuka. Kuna duka zingine hapa mjini wanakurushia mtungi kwa boda kabla hata useme asante.

Sasa hiyo siku wateja tulikuwa wengi kwa benchi na kila mtu alikuwa na jibu kuhusu hizo picha. Mzee mmoja anasema ni gesi, wauzaji wanachanganya vitu huko ndani, mwingine anasema ni stima, dada mmoja anasema ni bomu. Na hizo picha si za hapa, ni za Leicester, Uingereza, duka lililipuka jioni ya 25 Februari 2018 kwa barabara ya Hinckley na watu watano wakafa, wengi wao walikuwa wanaishi juu ya hilo duka. Hata huko watu wengi walidhani ni gesi. Polisi walipochimba wakapata petroli ilimwagwa chini ya duka, ilikuwa njama ya kulipwa bima ya pauni 300,000, na mwisho wa huo mwaka wanaume watatu wakapatikana na hatia ya mauaji, mwenye duka akiwa mmoja wao. Yaani mama na vijana wake wawili walikufa ju ya pesa ya bima, na sisi huku Kisumu tunatumia picha ya msiba wao kumtishia kijana anayeuza mitungi.

Hiyo inaniuma kweli. Hata hapa kwetu tumeona wakubwa wakiharakisha kutaja chanzo, ule mlipuko wa Moi Avenue, Nairobi, 28 Mei 2012, watu zaidi ya 30 waliumia, mkuu wa polisi akasema kwanza ni hitilafu ya stima, baadaye ikajulikana ni bomu. Na kuna wakati ni gesi kweli, kama Embakasi Februari 2024, lori lililobeba gesi ndilo lililipuka, na EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, wakasema walikuwa wamekataa maombi ya kujenga kituo pale. Kila moja ilikuwa na chanzo chake na kilijulikana baada ya watu kuchunguza. Mtu akishasema kwa benchi "ni huyo muuzaji", hata ripoti ikitoka inasema kingine, wateja washahama, na familia iliyofiwa imeshasikia uongo matanga yakiendelea.

Lakini siwezi wasifu tu, kuna kitu kimoja lazima kirekebishwe na nilimwambia mwenye duka ana kwa ana. Pembeni ya mlango kuna mama anakaanga samaki na jiko ya makaa, hatua chache tu kutoka kwa mitungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kama maji ikitafuta mahali pa kukaa, na haihitaji kujaa chumba, ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inaweza kushika moto. Ile harufu kali tunasikia imewekwa makusudi ili tujue imevuja, gesi yenyewe haina harufu. Ukiisikia usiwashe taa na usizime, fungua mlango na dirisha, funga regyuleta, tokeni nje. Mwenye duka alisema ataongea na huyo mama wasogeze jiko upande wa pili wa barabara, na ningependa amsaidie kupata hiyo nafasi, ju pia yeye anatafutia watoto. Na vijana wa boda waache kulaza mtungi kwa kiti, usimame wima ufungwe vizuri.

Bei yao iko kawaida, M-Pesa wanachukua, ya kilo 13 wanakuletea hadi nyumbani na wanakufungia regyuleta bila malipo. Nawapa nyota nne, ya tano nitaongeza hiyo jiko ikishatoka. Wanafungua asubuhi mapema mpaka usiku, Jumapili wanaanza baada ya kanisa.