Flashi ya GB 64: kubeba faili iko poa, kuinstoli FreeBSD ilinitoa jasho

Nina hii flashi miezi minne sasa, kale kadogo ka chuma ka USB 3, jina la kampuni naliacha maana shida yenyewe nimeshaikuta hata kwa flashi nyingine. Kubeba faili sina neno, muvi nzima inaingia kabla hujamaliza kunyoosha mgongo, na nilipoipima kwa f3 (programu ya kukagua kama flashi ina ukubwa inaoutangaza) nafasi yote ipo kweli (kompyuta inaonyesha 59 na ushee, msishtuke, ni hesabu tu za 1000 na 1024).

Balaa lilianza nilipotaka kuinstoli FreeBSD 14, mfumo endeshi kama vile Windows ilivyo, kwenye laptop yangu ya zamani. Nikashusha imeji ya memstick (faili la kuinstolia linaloandikwa kwenye flashi), ile ya .img sio ile iso ya kuchomea sidii, nikalinganisha sha256 (namba ya kuhakiki kuwa faili limeshuka zima) ikawa sawa, nikaimwaga kwenye flashi kwa amri ya dd, Secure Boot, ile inayozuia mifumo isiyosainiwa kuwaka, nikazima kwenye BIOS. Kuwasha tu, menyu hiyo imekuja, nikasema leo mteremko. Wapi! Maandishi yakashuka mbio mbio halafu kimya: Mounting from ufs:/dev/ufs/FreeBSD_Install failed with error 19, na chini yake mountroot> inanikodolea utadhani inanidai, yaani inauliza mfumo wenyewe iuchukue wapi.

Nikajua imeji mbovu, nikarudia kuandika. Nikashusha upya kabisa nikatumia na Rufus, programu ya Windows ya kuandikia imeji kwenye flashi, yale yale. Usiku wote umeishia hapo, chai imepoa, nimeshaanza kuilaumu laptop.

Kilichonifumbua macho ni kataa ka bluu kwenye flashi. Mara ya nne hivi sikugusa kitu nikakaa naangalia tu, error imeshatoka na kataa bado kamezima, zikapita sekunde kama tatu nne ndo kakawaka, na papo hapo kwenye skrini ukashuka mstari mpya, da0 at umass-sim0. Yaani flashi ndo inaamka saa hizo! Kerneli, kiini cha mfumo, imeitafuta imeikosa ikakata tamaa, mwenyewe ndo kwanza anapiga hodi. Na error 19 maana yake ni hiyo tu, kifaa hakipo, sio kwamba faili zimeharibika kama nilivyokuwa nadhani mimi.

Sasa ukikwama hapo, andika ? kwenye mountroot> upige enta, ukiona da0 kwenye orodha andika ufs:/dev/ufs/FreeBSD_Install na inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukitaka isikusumbue tangu mwanzo, kwenye ile menyu ya kuwakia bonyeza 3 uingie kwenye loda (pa kuandika amri kabla mfumo haujawaka), andika set kern.cam.boot_delay=10000 enta, halafu boot. Hizo ni milisekunde, yaani unaiambia isubiri sekunde 10 flashi ivae viatu. Kuna wanaohamishia tu poti ya USB 2 ikakubali, kwangu ilikubali mara moja ikagoma mara mbili kwahiyo siitegemei.

Ukishaingia kwenye instola usiende mbio pale pa kuchagua diski, flashi nayo imo humo inajiita da0, diski yangu ya ndani ilikuwa ada0, majina yamefanana hivyo na saa nane usiku macho yanadanganya. Na ukija kuichomeka kwenye Windows itakuomba uifomati, kataa, haina ugonjwa wowote, ni Windows tu haielewi kilichomo.

Kwa kulinganisha, nina flashi kuukuu ya GB 8 ya USB 2, plastiki imeshapasuka nimeifunga na selotepu, ile imeji ileile ikawaka jaribio la kwanza bila kuandika chochote. Taratibu kama kobe kwenye kunakili, ila inaamka kwa wakati. Siku hizi ndo ya kuinstolia, hii mpya nimeiachia muvi.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeipa ila kile kifuniko chake hakina hata pa kushikizwa, changu kimepotea wiki ya pili.