Prometheus ya Ridley Scott: bado niko upande wake

Ukitaka kuwagombanisha watu wanaopenda filamu za anga, taja Prometheus. Katika kundi letu haijawahi kutajwa ikapita hivi hivi. Kuna wanaoiona kazi bora, na kuna wanaoapa kwamba Ridley Scott aliwadhulumu saa mbili za maisha yao. Mimi nimeirudia, nimebishana juu yake mpaka usiku wa manane, na msimamo wangu ni huu: skripti yake ina matundu, lakini swali inalouliza ni zito kuliko la filamu nyingi zilizoandikwa vizuri zaidi. Kama hujaitazama, jua kwamba naeleza hadithi mpaka mwisho.

Ilitoka mwaka 2012. Scott ndiye aliyeongoza Alien mwaka 1979 na Blade Runner mwaka 1982, kisha akaiacha sayansi ya kubuni kwa miaka thelathini. Aliporudi, mashabiki walikuwa na kiu. Wengi walitaka lile dude la Alien lirudi kuwatisha. Badala yake wakapewa wanaakiolojia wawili, Elizabeth Shaw na mpenzi wake Charlie Holloway, ambao mwaka 2089 wanakuta mchoro wa kale katika pango la Isle of Skye, Scotland. Mchoro huo unafanana na mingine ya mataifa ya kale ambayo hayakuwahi kukutana: mtu mkubwa anaonyesha kundi la nyota. Wao wanaamini ni mwaliko kutoka kwa waliotuumba, na wanawaita Wahandisi. Tajiri mzee, Peter Weyland, anagharimia safari, na mwishoni mwa 2093 wanatua LV-223, mwezi wa sayari ya mbali. Wanachokikuta huko ni ghala la silaha, maiti, na Mhandisi mmoja tu aliye hai, ambaye hana hamu yoyote ya kuongea na sisi.

Lawama zake nazijua kwa moyo, na nyingi ni za haki. Fifield, mtaalamu wa miamba, ndiye mwenye vifaa vinavyoruka na kuchora ramani ya mapango, halafu ndiye anayepotea humo. Millburn, mwanabiolojia, anaikimbia maiti ya miaka elfu mbili, lakini akikutana na kiumbe hai chenye umbo la nyoka, kimeinua kichwa tayari kushambulia, anakinyooshea mkono akikibembeleza. Watu wanavua helmeti kwenye ardhi ngeni kwa sababu kipimo kimesema hewa inavutika. Na Vickers, mwanamke anayeisimamia safari kwa niaba ya kampuni ya Weyland, jamani! Chombo kizima cha Wahandisi kinabingirika nyuma yake na yeye anakimbia kukifuata kinakoelekea, wakati Shaw, hatua chache kutoka hapo, anajitupa pembeni na kupona.

Kuhusu helmeti, naweza kumtetea Holloway. Ni mtu aliyelewa furaha ya kufika, na wenzake wanampinga kabla ya kumfuata. Fifield na Millburn sina utetezi wao. Wafanyakazi wa chombo kile cha Alien walikuwa wabeba mizigo, waligombania malipo yao, na makosa yao yalikuwa makosa ya watu waliochoka. Hawa tunaambiwa ni wataalamu wa safari iliyogharimu dola trilioni moja. Skripti ilianzwa na Jon Spaihts, kisha ikafanyiwa kazi upya na Damon Lindelof, na unapotazama unahisi mahali ambapo hadithi ilimhitaji mtu afe, basi akapewa ujinga wa kumfikisha kwenye kifo.

Lakini ninapofika kwa David, sikubali tena mtu aniambie hii ni filamu mbaya.

David ni mtu wa kutengenezwa, kaigizwa na Michael Fassbender. Wenzake wanalala usingizi wa safari ya miaka zaidi ya miwili, yeye anabaki macho peke yake chomboni. Anaendesha baiskeli huku akirusha mpira wa kikapu. Anajifunza lugha za kale. Anatazama filamu ya zamani, Lawrence of Arabia, na kupaka nywele rangi ili afanane na mwigizaji wake mkuu, Peter O'Toole. Dakika zile chache za mwanzo, bila maelezo mengi, zinakuonyesha kiumbe anayetafuta mtu wa kuwa.

Baadaye, kwenye meza ya biliadi, Holloway yuko na pombe yake, amevunjika moyo kwa sababu aliotaka kuwauliza maswali wamekufa. David anamuuliza: ninyi mlinitengeneza kwa nini? Holloway anajibu bila kufikiri kwamba ni kwa sababu tuliweza. David anamwambia afikirie angejisikiaje kama na yeye angepewa jibu hilo hilo na aliyemuumba. Kisha anammiminia kinywaji, na ndani yake anadondosha tone la kimiminika cheusi alichokitoa kwenye lile ghala la silaha.

Kwangu mimi filamu nzima iko hapo. Mimi ni mtu wa dini, na nimesikia mahubiri mengi kuhusu kwa nini tuliumbwa, lakini sikuwahi kuliona swali hilo likigeuzwa namna hii: sisi wenyewe tukiwa waumbaji, na tukiwa waumbaji wabaya. Weyland anavuka anga lote kumwomba Mhandisi amwongezee maisha. David, aliyeumbwa na Weyland huyo huyo, yuko pembeni yake kila siku na hakuna anayemuuliza anataka nini.

Shaw naye simwachi. Noomi Rapace anambeba vizuri sana. Baba yake alikufa kwa Ebola, ugonjwa uliopewa jina la mto ulioko Kongo, na msalaba anaouvaa ni wa baba huyo. Ile sehemu ya kasha la upasuaji, hata wapinzani wakubwa wa filamu hii huinyamazia. Mashine inamwambia imeandaliwa kwa wanaume tu, naye ana kiumbe tumboni kinachokua kila dakika. Analazimika kuiamuru imkate hivyo hivyo, kisha anashonwa kwa pini za chuma akiwa macho. Na angalia hapo skripti ilivyokuwa na akili kwa mara moja: kasha lipo kwenye makazi ya Vickers, mwanamke. Mbona ni la wanaume? Ni kwa sababu Weyland amefichwa chomboni, na ni lake. Wengi huliona hilo wakirudia kutazama.

Ushauri wangu kuhusu namna ya kuitazama: usiitazame kwenye simu. Dariusz Wolski aliipiga picha kwa giza la makusudi, na mapango yale yalijengwa kweli kwenye studio za Pinewood, kwa hiyo skrini ndogo inakunyima nusu ya kazi. Maporomoko ya mwanzoni, ambapo Mhandisi anakunywa na mwili wake unasambaratika ndani ya maji, ni Dettifoss ya Iceland. Tafuta televisheni kubwa, zima taa.

Ukiweza pata diski ya Blu-ray yenye vipande vilivyokatwa. Katika filamu iliyoonyeshwa sinema, David anamsemesha Mhandisi kwa lugha ya kale na hatupewi tafsiri. Papo hapo anang'olewa kichwa. Kwenye kipande kirefu Mhandisi anajibu, na Weyland anapata nafasi ya kujisifu kwamba naye ni muumbaji. Hasira ya Mhandisi inapata sababu. Kukikata lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu nusu ya ubishi wetu inatokana na ukimya ule.

Nusu nyingine inatokana na ile miaka elfu mbili tangu Wahandisi wale wafe, wakiwa wanajiandaa kuja kutuangamiza. Mashabiki waliipiga hesabu wakafika kwa Yesu, na Scott mwenyewe alieleza kwenye mahojiano kwamba wazo la mjumbe wa Wahandisi kusulubiwa na binadamu liliwahi kufikiriwa, likaachwa kwa kuwa lilikuwa wazi mno. Nafurahi liliachwa. Lingemfanya kila mtu aache kutafakari aanze kukasirika.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema watu hawakwenda. Mwishoni Shaw anadai msalaba wake kutoka kwa David, ambaye amebaki kichwa tu, na anaondoka kwenda kuuliza kwa nini waliotuumba walitaka kutuua. Nilisubiri miaka mitano jibu lake. Alien: Covenant ilipokuja mwaka 2017, Shaw alikuwa ameshakufa nje ya hadithi, Wahandisi wameteketezwa kwa dakika chache, na dude limerudishwa kwa waliolililia. Hao waliopiga kelele mwaka 2012 walipata walichotaka. Sisi tuliokuwa tumeketi kusubiri jibu la Shaw hatukupewa kitu.