TAHADHARI: "fundi sauti" wa gemu anauza MP3 kwa jina la WAV

Jamani, yule kijana wa milio ya gemu anayezunguka kwenye makundi ya Telegram, mwenye picha ya hedifoni nyekundu, ni TAPELI: anauza MP3, sauti iliyobanwa ikapungua ubora, akidai ni WAV, sauti kamili isiyobanwa. Kala laki tatu na nusu za ile gemu yetu ya bodaboda na sasa simu hapokei. Msimpe hata mia.

Na msianze na "mlimwaminije?" Alipewa kipande cha video ya gemu ikichezwa, sekunde 40, bila sauti. Usiku uleule akakirudisha kimekamilika: pikipiki inawaka, honi mbili, sarafu zinalia, abiria anaguna kwenye tuta, na chini yake muziki wa ganuni na ngoma. Kila mlio umekaa mahali pake. Halafu maneno yake sasa! Injini, anasema, ni tabaka tatu: imesimama, mwendo wa kati, kasi; unazichanganya kadiri mwendo unavyopanda, na pichi, yaani wembamba wa sauti, usiipandishe mno, italia kama mbu. Besi usihangaike nayo, chini ya Hz 200 spika ya simu haitoi kitu cha maana. Sarafu ziwe na milio minne inayopokezana, la sivyo mchezaji atazima sauti mapema. Yote hayo ni kweli kabisa! Nani angemshuku mtu anayeongea hivyo? Hela ikaenda yote, si nusu, kwa sababu eti studio inamdai.

Sasa ujanja wenyewe uko kwenye ile video. Video inakwenda mbele tu, hakuna mlio unaotakiwa kujirudia. Ndani ya gemu, mngurumo wa sekunde mbili unazunguka bila kikomo, na hapo ndipo faili zake zinapoumbuka: tak, tak, tak, kila mzunguko. Muziki wa BPM 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, baa 8 za mapigo manne, unatakiwa uwe sekunde 16 kamili. Wake umezidi kwa kama milisekunde 50 za ukimya. Huo ni ukimya ambao MP3 huongeza mwanzoni na mwishoni inapobanwa, na ukiigeuza kuwa WAV mara nyingi ukimya unabaki palepale. Ukubwa wa faili haukusaidii kumkamata, maana WAV ya 44.1 kHz, biti 16, stirio, inafika MB 10 kwa dakika hata kama ndani ni takataka. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, badilisha mwonekano uwe spektrogramu, yaani picha ya sauti nzito hadi nyembamba: juu ya kHz 16 hivi, kwenye sauti nyembamba kabisa, kumekatwa kama kwa rula. Zimetoka kwenye MP3 ya kbps 128, iliyobanwa sana.

Sarafu na mruko ni sfxr tupu, ile programu ya bure ya Tomas Pettersson ya 2007. Unabofya kitufe cha sarafu, umemaliza. Kuitumia si kosa, ila huyu kaapa kazirekodi kwa vifuniko vya sufuria! Na muziki una jina la mtunzi wake halisi ndani ya taarifa za faili, pamoja na leseni ya CC BY-NC, yaani biashara marufuku. Gemu ina matangazo. Tungeshtakiwa sisi, si yeye.

Dalili? Anatoa video tu, ukiomba faili moja ghafi la kujaribu anazungusha maneno. Faili la mradi la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, hana. Haki za matumizi haandiki popote.

Lakini huyu dawa yake si kumkwepa. Kila aliyetumiwa ujumbe naye aitume namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na waliolizwa tukutane polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Mwenye risiti za M-Pesa asifute kitu. Wasimamizi wa makundi mtoeni leo, LEO, maana jana kaonekana tena anatangaza "pakiti ya milio 200".