Ndani ya seli: kutawanyika au kubebwa?

Jana hapa Dodoma niliwadondoshea wanafunzi wangu tone la juisi ya zabibu kwenye glasi ya maji yaliyotulia. Dakika kumi baadaye wekundu ulikuwa bado umejikusanya chini, kingo zake zikififia taratibu. Mtawanyiko ndivyo ulivyo: molekuli zinagongana ovyo, hakuna anayezielekeza.

Kwa seli ya mikromita 10 njia hii inatosha, tena haigharimu nishati. Molekuli ndogo huvuka kwa takribani sekunde 0.1. Shida ni umbali: ukiuzidisha mara 10, muda unazidi mara 100. Uzi wa seli moja ya mshipa wa fahamu unaotoka uti wa mgongo hadi mguuni hufika karibu mita 1, na hapo molekuli hiyohiyo ingehitaji miaka 30 hivi. Miaka 30!

Njia ya pili ni kubebwa. Kinesini ni protini inayotembea juu ya reli za seli, mzigo mgongoni. Kila hatua ni nanomita 8, na hulipiwa kwa molekuli moja ya ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli. Ikienda mikromita 1 kwa sekunde, mita nzima ni siku 12 hivi. Ni ghali, lakini kwa mshipa mrefu nachagua kinesini bila kusita. Lakini kwa umbali mfupi, kama oksijeni inayoingia kwenye chembe nyekundu ya damu, mtawanyiko unatosha, hahitajiki mbebaji.