Uzoefu wangu: Jumamosi tatu za kujifunza maboksi ya pembesita na ya mwezi mwandamo

Nauza udi na visheti vya harusi hapa Dar es Salaam. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, nilikuwa nafungia vitu vyangu kwenye mifuko ya kaki na wateja waliridhika. Kilichonipeleka darasani ni bi harusi mmoja aliyetaka udi wa wageni wake ukae ndani ya vijiboksi vya umbo la mwezi. Nikakesha na video za kwenye simu, nikaharibu manila kumi na mbili. Kulipokucha nikalipa ada: shilingi 75,000 kwa Jumamosi tatu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Jumamosi ya kwanza hatukutengeneza boksi lolote, na wawili kati yetu hawakurudi tena. Walikosa kitu kikubwa. Siku nzima tulikata na kukunja tu. Mwalimu, mama mtu mzima mwenye mkono mtulivu sana, alinisimamia nyuma akaniambia: "Mwanangu, kisu hakisukumwi, kinavutwa. Pitisha mara tatu polepole, usitake kumaliza kwa mara moja." Akatuonyesha kupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari kabla ya kukunja, ili karatasi ijue pa kuvunjikia. Halafu akatufundisha nyuzi za karatasi. Unaishika manila, unaipinda kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande inaokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zinakoelekea. Ukikunja sambamba na nyuzi unapata ukingo laini. Ukikunja kwa kuzikata, rangi inapasuka na weupe wa ndani unatokeza. Manila zangu kumi na mbili zilikuwa zimepasuka hivyo hivyo, nami nilikuwa nailaumu karatasi.

Pembesita ilikuja Jumamosi ya pili. Unafungua bikari kwa kipimo cha ubavu unaoutaka, unachora duara, na bila kubadilisha kipimo cha bikari unatembeza ncha yake juu ya duara. Hatua ya sita inaangukia pale pale ulipoanzia. Nilisoma jambo hili shuleni na sikulijali. Safari hii nililirudia mara nne kwa raha yake tu. Pembetano haina urahisi huo, inataka kipimapembe na nyuzi 72 katikati.

Ukuta wa boksi unahitaji hesabu kabla ya kisu. Ubavu wa sentimita 6 mara sita ni 36, ongeza 1.5 ya sikio la gundi, yaani ukingo mdogo wa kugandishia, na karatasi ya A4 ina urefu wa 29.7 tu. Kwa hiyo ama ununue A3, ama uunge vipande viwili, ama ushuke hadi ubavu wa 4.5, ambao pamoja na sikio unakupa 28.5. Udi wa mgeni mmoja unatosha vizuri kwenye 4.5, nami nimebaki hapo.

Sasa malalamiko yangu, maana ada nililipa kamili. Waandaaji walitugawia michoro iliyochapishwa, na kwenye mchoro wa pembesita kifuniko kilikuwa na kipimo kile kile cha kitako. Watu kumi na mmoja tulikata, tukagandisha, na hakuna hata boksi moja lililofunga. Mwalimu alipima, akakiri kosa, akatufundisha njia yake mwenyewe: kifuniko hakichorwi mpaka kitako kikauke. Unapima boksi lenyewe, unaongeza milimita moja kila ubavu ikiwa ni manila, na zaidi ikiwa kadibodi ni nene. Njia hiyo ndiyo ingepaswa kuwa kwenye karatasi tangu mwanzo. Visu navyo vilikuwa vitatu na rula za chuma mbili, ilhali tangazo lilisema vifaa vyote vimo ndani ya ada. Rula ya plastiki haifai hapa, kisu kinaila.

Mwezi mwandamo tuliufikia Jumamosi ya tatu saa tisa alasiri, ikibaki saa moja tu. Umbo hili ndilo zuri kuliko yote na ndilo gumu. Ukuta wake unakatwa meno chini, yanakunjwa kwenda ndani na kugandishwa kwenye kitako. Upande wa nje wa mwezi meno yanabanana, kwa hiyo kati ya jino na jino unatoa kipembetatu ili yasipandane na kufanya vinundu. Upande wa ndani uliobonyea yanaachana yenyewe. Mkato mmoja mmoja wa moja kwa moja unatosha. Siri hiyo sikuiona kwenye video hata moja, na kwangu peke yake ilistahili nusu ya ada. Gundi nyeupe unaipaka nyembamba kwa kipande cha kadi; ikizidi, karatasi inafanya mawimbi na hayatoki. Kwenye zile ncha mbili kali mwalimu anabana kwa vibanio vya nguo hadi asubuhi.

Nimeshamaliza vijiboksi 80 vya mwezi vya bi harusi wangu, kijani kibichi na utepe wa dhahabu, na vifuniko vyote vinafunga kwa mlio ule mdogo wa hewa ninaoupenda. Kama shida yako ni mapambo tu, maua na lulu za kubandika, darasa hili litakuchosha. Kama unataka umbo linalosimama sawasawa, nenda. Beba rula yako ya chuma na kisu chako, pimeni michoro kabla ya kukata, na siku ya tatu mwombeni mwalimu aanze na mwezi asubuhi, mikono ikiwa haijachoka.